Kurejesha uoto: uanze na walimu au na mkutano wa wakazi?

Kwa gharama, shule inashinda: watoto wamekusanyika tayari, na mwalimu akishalielewa somo hulirudia kila mwaka bila wewe kumwita. Mkutano wa wakazi unadai viti, kipaza sauti na subira ya kusikiliza kwanza ugomvi wa mipaka.

Ila utunzaji ndio mtihani. Shule hufungwa, miche ikabaki na kiu. Nimewahi kukuta kitalu kizima kimekauka, vibao vya majina ya wanafunzi bado vimesimama. Wakazi hawana likizo, na mbuzi ni wao. Wakikubaliana kupumzisha malisho, hata visiki vya zamani huchipua bila mtu kupanda kitu.

Una kiwanja chenye uzio? Anza na walimu. Ni mlima wa malisho? Usiwaruke wafugaji.