Miezi mitatu na mkanda wa kifuani wenye pete ya mbele

Kito, mbwa wangu, ana miezi kumi na mmoja, ni chotara wa Labrador, na anampenda kila mbwa aliyeumbwa na Mungu. Hapo ndipo shida ilipoanzia. Akimwona mwenzake ng'ambo ya barabara alikuwa anasimama kwa miguu ya nyuma, anabweka, analia, anakoroma kwa sababu kola inamkaba. Jirani mmoja alikuwa akimbeba mwanawe juu kila anapotuona. Ukali hakuwa nao hata chembe. Alitaka kusalimia, kamba ikamzuia, basi akapandwa na mori.

Kabla ya mkanda huu nilimlipa mkufunzi aliyekuja na mnyororo wa kukaba. Kito akimtazama tu mbwa mwingine, anavutwa shingo. Wiki ya kwanza alinyamaza. Ya pili akaanza kunguruma, jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu nimlete nyumbani. Kwake yeye, mbwa akitokea, shingo inauma. Nilimwomba mkufunzi asirudi tena, na hadi leo zile wiki mbili zinaniuma.

Mkanda niliununua shilingi 2,800. Una pete mbili za chuma, moja mgongoni na moja kifuani. Ukifunga kamba mgongoni, mbwa anavuta kwa kifua chote kama punda wa mkokoteni. Ukiifunga kifuani, akivuta mwili unageuka upande, anajikuta anakutazama wewe. Siku ya kwanza tu bega langu lilipumzika. Ila kubweka kulikuwa palepale. Mkanda unapunguza kuvuta. Kumfundisha ni kazi yako.

Kilichomfundisha Kito ni umbali. Tulikuwa tunakwenda msitu wa Karura, hapa Nairobi, asubuhi na mapema, upande wa Sigiria, ambako njia ni pana na kanuni inataka kila mbwa awe kwenye kamba. Nilikuwa nasimama mita 30 hivi kutoka njiani. Mbwa akipita, Kito anasogeza masikio mbele, halafu anafumba mdomo. Kile kitendo cha kufumba mdomo ndicho nilichojifunza kukiwahi, maana baada yake ni kelele. Hapo hapo nasema "vyema!" na kumpa kipande cha maini ya kuchemsha, kidogo kama punje ya mahindi. Akishindwa kula, ujue mko karibu mno. Rudi nyuma bila kumgombeza.

Wiki ya tatu alimwona mbwa mweupe mwenye manyoya mengi, akafumba mdomo, kisha akageuza kichwa mwenyewe kunitafuta. Sikuwa nimemwita. Nilipiga magoti kwenye matope nikamkumbatia.

Tangu hapo tukawa tunasogea kidogo kidogo, na badala ya kukutana na mbwa uso kwa uso tunazunguka kama upinde. Sasa tunapita mita nne kutoka kwa mbwa mwingine, kamba imelegea. Mtaani bado kuna kazi, hasa wale wanaobweka ghafla nyuma ya mageti na wale wanaozurura bila mwenyewe. Nikiwaona hao navuka barabara, basi.

Salamu sikumnyima kabisa, maana kupenda wenzake ndiyo tabia yake na sitaki aipoteze. Akitulia, na mwenye mbwa wa pili akikubali, tunalegeza kamba zote mbili, nahesabu moja hadi tatu, namwita, anapata maini.

Kasoro za mkanda zipo. Baada ya mwezi mmoja mshono karibu na pete ya mbele ulianza kuachia. Fundi viatu wa pale stendi aliushona upya kwa uzi wa nailoni kwa shilingi 100, na sasa uko imara kuliko ulipotoka dukani. Pia ulimchubua kwapani, kosa ambalo lilikuwa langu: nilichukua saizi ndogo. Pima kifua nyuma ya miguu ya mbele, na ukiufunga, vidole viwili vipite chini yake bila kubanwa. Kwa mbwa anayekua, pima tena kila mwezi.

Naupa nyota nne kati ya tano. Ile moja imebaki kwa fundi viatu.