Kukata tumbo Istanbul: kisu nakipa tano, uuguzi nawapa mbili

Nina watoto watatu, wote nimewapata kwa kisu, na wa mwisho alizaliwa na kilo 4.1. Baada ya huyo tumbo likagoma kurudi. Sikuwa mnene. Nilikuwa na kilo 71 na mikono yangu ni myembamba tu, lakini ngozi ililegea ikaning'inia juu ya mshono, na misuli ya katikati iliachana kiasi kwamba nikijiinua kitandani panatokea kitu kama mgongo wa samaki. Mkaja mama alinifunga mara zote tatu, siku arobaini kamili, na maji ya moto nilikandwa mpaka nikakoma. Daktari wa wanawake akaja kuniambia waziwazi kwamba mazoezi yatasaidia misuli kidogo, ila ngozi iliyofikia pale hairudi yenyewe. Kwenye daladala nimeshaachiwa kiti mara mbili kama mjamzito. Mara ya pili nilikaa na kushukuru.

Nilikwenda Istanbul, Uturuki, kukatwa ngozi hiyo na kushonwa misuli, Juni 2024. Nimekaa zaidi ya mwaka ndiyo nimeandika, maana maoni mengi niliyosoma kabla ya kwenda yaliandikwa siku ya tano, mtu bado yuko kwenye dawa za maumivu na maua ya hospitali yapo mezani. Siku ya tano hujui kitu.

Mtaniuliza kwa nini sikufanyia hapa nyumbani wakati hospitali ya Mloganzila nao wanafanya upasuaji rekebishi wa aina hii. Jibu la kweli ni aibu. Dar ni kijiji. Kichwani nilishamwona shemeji yangu akinikuta kwenye foleni na kuuliza naumwa nini. Kazini niliaga naenda kutibiwa henia, na kwa kuwa misuli ilikuwa imeachana kweli, nilijipa moyo kuwa sijadanganya sana.

Bei niliyopewa na wakala ilikuwa dola 4,200, karibu milioni 11 za kwetu kwa bei ya wakati ule. Humo ndani kulikuwa na upasuaji, usiku mbili za hospitali, usiku tano za hoteli, gari la kututoa uwanja wa ndege, korseti moja ya kubana tumbo na mkalimani. Nje ya hapo: tiketi mbili, viza, chakula, dawa za kuendelea nazo, korseti ya pili (utaihitaji, ya kwanza ikifuliwa utavaa nini?) na siku za hoteli nilizoongeza mwenyewe. Nilipopiga hesabu baada ya kurudi, zilikaribia milioni 17. Kwa hiyo mtu akikutajia bei ya Istanbul, muulize kwanza ni bei ya nini.

Wakala huyo, ambaye yote tuliongea kwa WhatsApp, alipoona nimeshatuma malipo ya awali akaanza kunishawishi niongeze na makalio. "Mafuta yatakuwa yameshatoka, dada, tunayahamishia tu nyuma, dola 1,500." Hapo nilikataa bila kufikiria mara mbili. Mwaka 2018 vyama kadhaa vya madaktari wa upasuaji rekebishi duniani vilitoa onyo la pamoja kuhusu jambo hilohilo: mafuta yakidungwa ndani ya misuli ya makalio yanaweza kuingia kwenye mshipa mkubwa na kufika kwenye mapafu, na makadirio waliyoyataja yalifika kifo kimoja kwa kila upasuaji 3,000. Mimi nilikwenda kupunguza, sikwenda kuhamisha.

Jambo moja nililofanya vizuri ni kudai kibali. Uturuki, hospitali na mawakala wanaopokea wagonjwa kutoka nje wanatakiwa wawe na kibali cha utalii wa tiba kutoka Wizara ya Afya. Wakala wa kwanza niliyemuuliza aliniambia hilo nisijisumbue nalo. Nikamwacha. Wa pili, ndiye huyu wa makalio, alituma chake na cha hospitali siku hiyohiyo.

Jingine ni damu. HB yangu ilikuwa 10.2, na kwa kiwango hicho ningerudishwa. Miezi miwili nilikunywa vidonge vya madini ya chuma, nikala matembele na kunywa rozela hadi watoto wakaniuliza kama tumefilisika. Niliondoka na 12.1. Vidonge vya majira nilishavisimamisha kwa agizo la hospitali, kwa sababu vinaongeza hatari ya damu kuganda.

Ndege inatoka Dar moja kwa moja, na uzuri ni kwamba saa ya Istanbul ni ileile ya kwetu, kwa hiyo mwili hauchanganyikiwi. Uwanjani utajua umefika mji gani ukiwaona wanaume wenye kitambaa cheusi kwenye paji la uso na utosi umejaa vidoti vya damu. Hao wamepandikizwa nywele, wanatembea kifua mbele, wananunua lokum, zile peremende laini za Kituruki, kama hakuna kilichotokea. Nikajisemea, na mimi nitarudi hivyohivyo.

Daktari nampa tano kati ya tano, bila ubishi. Alinikagua nimesimama, akanichora kwa kalamu nyeusi kutoka nyonga hadi nyonga, akauliza kama nimemaliza kuzaa, kama navuta sigara, kama kwetu kuna mtu aliyewahi kuganda damu mguuni. Nilipigwa nusukaputi, upasuaji ukachukua saa tatu na nusu. Alishona misuli, akatoa ngozi na mafuta karibu kilo mbili pamoja na kovu langu la zamani, kitovu akakitafutia tundu jipya. Mpaka leo kitovu hicho ndicho ninachojivunia.

Usiku wa kwanza ndiyo nilijua sijui. Nilizinduka na mirija miwili ya kutoa majimaji ya kidonda inatoka juu kidogo ya kinena, kila mmoja una kikopo chake, miguu imebanwa na soksi, na tumbo limekaza utadhani nimeshonwa kwenye godoro. Mkalimani alikuwa kazi yake inaisha saa kumi na mbili jioni. Manesi walikuwa wapole lakini hatuelewani, na nilikuwa nimejifunza maneno mawili tu: su, maji, na ağrı, maumivu. La tatu nililielewa bila kufundishwa. Kila nilipobonyeza kengele, nesi alichungulia na kusema "bir dakika". Dakika! Neno letu kabisa. Nilifurahi kama nimekutana na mtu wa kwetu, mpaka nilipogundua kuwa dakika ya Kituruki nayo haina haraka, sawa na ya Kiswahili.

Siku ya tatu nikahamishiwa hotelini, na hapo ndipo alama zinapoanza kushuka. Hoteli ilikuwa safi, sikatai. Lakini kitanda kilikuwa chini kama mkeka, na bafuni kulikuwa na lile beseni refu ambalo lazima unyanyue mguu kuingia. Mtu aliyekatwa tumbo hanyanyui mguu. Kwa wiki nzima unatembea umejikunja kama bibi anayetafuta sindano, unalala chali na mito chini ya magoti, ukitaka kupiga chafya unakumbatia mto na kumuomba Mungu. Na kucheka marufuku. Nesi alipita mara mbili tu kwa siku tano. Wakala, aliyekuwa akinijibu usiku wa manane kabla sijalipa, sasa anaona ujumbe na kunyamaza.

Aliyeniuguza ni mdogo wangu. Yeye ndiye alinyanyua mabega yangu kila nikienda chooni, alimwaga vikopo asubuhi na jioni akaandika mililita kwenye daftari, alinidunga pajani sindano za kuzuia damu kuganda kwa siku saba huku amefumba jicho moja, na alishuka kwenye mgahawa wa ng'ambo ya barabara kuniletea supu ya dengu. Mzee wa pale alimwona anakuja kila siku, akauliza kwa ishara nani mgonjwa, tangu hapo akawa anaongeza mkate na kusema "geçmiş olsun". Nilitafuta maana yake kwenye simu: na yapite. Ndiyo ugua pole yao. Tiketi ya mdogo wangu ilinigharimu kama dola 750, na ndiyo hela niliyoitumia vizuri kuliko zote. Kama huna mtu wa kwenda naye, mimi ningekushauri usiende.

Malalamiko yangu makubwa ni haya. Nilivyoambiwa na daktari mwenyewe, mrija unatolewa ukishuka chini ya mililita 30 kwa saa 24. Siku ya nane, wakati malipo ya wakala yamekwisha na mimi nimejiongezea siku za hoteli, mrija wa kushoto ulikuwa umefika 20. Wa kulia ulikuwa bado 55, na imeandikwa kwenye daftari. Daktari hakuwepo. Msaidizi wake aliangalia, akatoa yote miwili. Mdogo wangu alimwonyesha daftari, yule akatabasamu na kusema kawaida, kawaida. Nilikuwa nimechoka na nilitaka nioge. Sikubisha.

Nilipanda ndege siku ya 12. Niliomba kiti cha magurudumu mapema, nikavaa soksi zile za kubana, nikanyanyuka kila saa kutembea hadi chooni na kurudi. Wale wenye kitambaa kichwani walinipisha.

Nyumbani mama alikuwa ameshapika mtori. Alikuwa pia ameshachemsha maji. Nilimweleza mara nne kwamba mshono huu haukandwi, akanijibu, "Mwanangu, mimi nimekanda watu kabla hao Waturuki hawajazaliwa." Tulisuluhishwa na baba watoto: mtori ndiyo, maji hapana. Jirani, kwa kuona mtori unapikwa na mimi sitoki nje, alikuja na doti ya kanga na sabuni ya mtoto. Tulizipokea.

Siku ya tatu nyumbani, upande wa kulia ukaanza kujaa. Nikigeuka nasikia kitu kinacheza ndani kama maji kwenye dumu. Kliniki ya kwanza niliyokwenda, daktari alifunua, akafunika, akasema rudi kwa aliyekukata. Nilitoka pale nalia, na kulia nako kunauma. Wa pili alikuwa mama mtu mzima, daktari wa upasuaji, aliyenisema vizuri sana kabla ya kushika sindano. Akaomba taarifa ya upasuaji. Nilikuwa nayo, ile wanayoiita epikriz, kurasa mbili za Kituruki kitupu. Tulisoma kwa programu ya kutafsiri ya simu, mimi na yeye, vichwa vimegusana. Akavuta mililita 120. Baada ya siku nne akavuta 70, wiki iliyofuata 30, ikaisha. Alinilipisha kidogo kuliko ile korseti ya pili. Ukienda, usipande gari la kwenda uwanja wa ndege kabla hujapewa taarifa kwa Kiingereza, na kabla hujaondoka Dar mtafute daktari atakayekubali kukupokea ukirudi. Mimi nilifanya kinyumenyume.

Kovu nalo. Nina keloidi ndogo, kovu lililovimba, sikioni tangu kutogwa, na hakuna aliyeniuliza, nami sikusema. Mstari umetulia vizuri katikati, ila mwisho wa kushoto umevimba na kuwasha, urefu wa kidole gumba. Nimebandika plasta za silikoni miezi sita, nimedungwa sindano tatu kwa daktari wa ngozi, umeshuka lakini haujalala. Chini ya kitovu bado pana ganzi, nikijikuna hapo ni kama namkuna mtu mwingine.

Wiki sita sikunyanyua hata ndoo ya lita kumi. Miezi miwili nilisali nimekaa kwenye kiti. Siku niliyosujudu tena bila kushika tumbo, na tumbo lisitangulie kufika kwenye mswala, nilibaki chini muda mrefu kuliko kawaida.

Je, ningerudia? Kwa daktari yule, ndiyo, ila kwa siku 14, chumba chenye bafu la kusimama, na mirija isiguswe mpaka daftari liseme. Korseti zote mbili ninazo, zimefuliwa, zimekunjwa kabatini. Mdogo wangu amejifungua mwezi uliopita na juzi aliniulizia kama moja inaweza kumtosha.