Alaska mara mbili: kwanza meli ya watu 3,000, kisha ya watu 60

Naishi Seattle, na kila kiangazi naziona meli kubwa zikiondoka kwenda Alaska, ghorofa juu ya ghorofa. Mwaka 2023 nilipanda mojawapo na mama, aliyekuja kututembelea kutoka Tanga. Mwaka uliofuata mimi na mke wangu tukaenda na meli ndogo iliyoanzia Juneau, mji mkuu wa Alaska. Tangu hapo kila jamaa anayetaka kwenda ananiuliza achukue ipi.

Nianze na viza, maana ndiyo iliyotutoa jasho. Meli kubwa nyingi zimesajiliwa nje ya Marekani, na sheria ya 1886 inazilazimu zitie nanga nchi nyingine kabla ya kurudisha abiria Seattle. Yetu ilitia nanga Victoria, mji wa Kanada, saa chache tu za jioni, na kwa hizo saa mama ikabidi aombewe viza ya Kanada. Usilipe kabla hujaangalia pasipoti za wenzako. Ile ndogo ilikuwa na bendera ya Marekani, hatukuulizwa chochote. Lakini Juneau hakuna barabara ya kuingilia, kwa hiyo ongeza nauli ya ndege.

Kwa mama, meli kubwa ilikuwa sahihi. Magoti yake mabovu, na humo mna lifti, daktari, wali kila siku. Glacier Bay, hifadhi ya taifa huko Alaska, tuliingia na askari wa hifadhi waliopanda melini kutueleza mambo. Hifadhi inaruhusu meli kubwa 2 tu kwa siku. Mbele ya Margerie, ukuta wa barafu unaoishia baharini, nahodha aliigeuza meli polepole ili pande zote mbili zione. Mama kajitanda kanga juu ya koti. Kipande kikaporomoka kimya kabisa, maji yakaruka, na mshindo ukatufikia baadaye. "Mwanangu, hii radi imetoka wapi?" Nilicheka, ila ndivyo inavyosikika.

Kero yangu ilikuwa bandarini. Juneau tulikuta meli nyingine zimeshafika, na foleni ya basi la kwenda kuangalia barafu ilikula sehemu kubwa ya muda wetu. Pori tulilionea zaidi dirishani.

Ile ndogo haikuwa na ratiba ya kutukimbiza. Asubuhi moja wahudumu walituteremsha kwenye kayaki, maji yamekupwa, na ufukweni, mbali kidogo nasi, dubu wa kahawia akawa anageuza mawe moja moja akitafuta kaa, kama watu wa kwetu wanavyosaka pweza siku za bamvua. Hakuna aliyesema neno. Tulikaa hapo mpaka mikono ikafa ganzi, na hakuna honi iliyotuita. Siku nyingine nyangumi walitokea wakati wa chakula, nahodha akazima injini, supu ikapoa mezani.

Sasa maudhi yake. Bei ilikuwa zaidi ya mara mbili ya ile ya kwanza. Chumba chetu kilikuwa chembamba, jenereta chini ya kitanda inanguruma usiku kucha. Daktari hakuna. Mvua ilinyesha siku nne kati ya saba, na huna pa kukimbilia ila sebule moja yenye watu wale wale.

Mimi nitarudi na ndogo, nikishajaza tena akaunti. Mama keshauliza tunakwenda lini tena, na yake nitamkatia kubwa, chumba cha karibu na lifti.