Baiskeli "twiga" (ndefu, ya gurudumu moja) ya karakana moja Mwanjelwa, Mbeya: fremu safi, mnyororo bado

Fremu haina lawama. Bomba la chuma limenyooka, limechomelewa vizuri, kiti kiko mita 1.5 juu ya gurudumu moja la inchi 20. Kasoro ipo kwenye mnyororo, na hapo ndipo penye roho ya baiskeli hii: pedali ziko juu, gurudumu chini, mnyororo ukiruka meno huna breki wala mizani. Huu unacheza karibu sentimita 3 ukiubonyeza katikati, 1 inatosha. Sababu ni matundu ya ekseli: yametobolewa duara, si marefu, kwa hiyo gurudumu halivutiki kuukaza. Fundi ayarefushe kabla hujamlipa.

Meno ya chini yamechomelewa kwenye habu (kitovu cha gurudumu), sahihi kabisa. Friwili, yaani meno yanayozunguka bure ukikanyaga nyuma, haifai hapa (wapo wanaoifunga!), maana mizani hutafutwa kwa kukanyaga mbele na nyuma.

Anayeanza apandie ukutani, pedali zikiwa usawa mmoja, akae kwanza ndipo ainamie mbele kidogo. Ukiponyokwa, ruka utue kwa miguu, baiskeli iache ianguke. Miteremko ya Mbeya isubiri: pedali hazipumziki, miguu ndiyo breki.