Ted Lasso: Vicheko Vilivyonifariji na Mwafrika Asiyeruhusiwa Kukosea

Nimeitazama misimu 3 ya kwanza ya Ted Lasso, tamthilia ya vichekesho kuhusu klabu ya mpira, mara 2. Mara ya kwanza nilikuwa nimelala na homa, sitaki kitu kizito. Mara ya pili nilikuwa na mdogo wangu, mfuasi wa Ligi Kuu ya England, ambaye alikaa mkao wa kuikosoa. Alichokosoa zaidi ni mpira wenyewe, na hapo sikuwa na la kumjibu.

Kisa chake ni chepesi. Rebecca Welton, aliyeipata klabu ya AFC Richmond kwa talaka, anamwajiri Ted Lasso, kocha Mmarekani asiyejua hata maana ya kuotea, ili klabu iporomoke na mtalaka wake aungue moyo. Tamthilia hii ilianza kuonyeshwa Apple TV+ Agosti 2020, dunia ikiwa imejifungia kwa UVIKO-19, na ikatwaa tuzo ya Emmy ya vichekesho bora mwaka 2021 na 2022. Kilichonishika ni wanaume wake. Katika msimu wa 2 Ted anashikwa na hofu ya ghafla hadi anaukimbia uwanja mechi ikiendelea, na inambidi akae mbele ya Daktari Sharon Fieldstone, mwanasaikolojia mweusi ambaye hachekeshwi na utani wake wala hana haja ya kupendwa naye. Ni nadra kuona mambo hayo yakisemwa bila aibu katika hadithi ya wanamichezo.

Shida yangu ni Sam Obisanya, mchezaji Mnigeria anayeigizwa vizuri sana na Toheeb Jimoh. Baba yake anapomweleza kwamba kampuni mama ya mdhamini wao, Dubai Air, inaharibu mazingira ya Nigeria, Sam anaziba jina lile kwenye jezi kwa utepe mweusi, kisha Wanigeria wenzake, kisha timu nzima. Niliguswa, sikatai. Lakini kwa mtu anayekumbuka kwamba Ken Saro-Wiwa, mwandishi na mwanaharakati wa Nigeria, alinyongwa mwaka 1995 kwa kupigania ardhi ya Waogoni iliyochafuliwa na mafuta, inashangaza kuona mdhamini akiondoka, nafasi yake ikichukuliwa na programu ya kutafutia wapenzi, na vicheko vikiendelea.

Tena Sam ni mwema mno. Mchezaji mwenzake Jamie Tartt anaruhusiwa kuwa na majivuno, mkongwe Roy Kent anatukana kila anapofungua kinywa, ila Sam kazi yake ni kuwaonyesha wengine njia iliyo sawa. Wabaguzi wanapovunja mgahawa wake wa vyakula vya Kinigeria, kwa sababu alithubutu kuwatetea wakimbizi, anafoka kweli. Dakika chache baadaye baba yake amemtuliza, wenzake wamekwisha kuukarabati, nasi tunatakiwa kufuta machozi. Nilitamani hasira ile iachwe ipumue. Mapenzi yake na Rebecca nayo yanapambwa kama hadithi tamu, ilhali yeye ana miaka 21 na mwanamke huyo ndiye mwajiri wake. Angekuwa bosi mwanamume na mchezaji binti, sidhani kama tungeitwa tushangilie.

Kisha yuko Edwin Akufo, bilionea Mghana anayetaka kumpeleka Sam Raja Casablanca, klabu ya Morocco. Akikataliwa, anageuka mtoto aliyenyang'anywa peremende, na katika msimu wa 3 anatoa mamilioni ili Sam asiitwe timu ya taifa ya Nigeria. Siwatetei viongozi wetu wa soka, nani asiyewajua? Ila Mwafrika mwenye fedha na sauti anapokuwa kichekesho tu, huku mwema akiwa kijana mnyenyekevu aliyeko London, ujumbe unajipenyeza hata kama waandishi hawakuukusudia.

Colin, mchezaji anayeficha kwamba ni shoga, ametendewa kwa uangalifu zaidi, ingawa kocha anamfariji kwa mfano usio na kichwa wala miguu. Nate ndiye aliyedhulumiwa: kijana mwenye asili ya Asia aliyepanda kutoka mtunza vifaa anageuzwa msaliti polepole, kwa ustadi, halafu kuacha kwake kazi West Ham, klabu pinzani alikohamia kuwa kocha, tukio tulilolisubiri msimu mzima, kunafanyika nje ya macho yetu.

Naipa nyota 4 kati ya 5, na nyingi ya hizo ni za msimu wa kwanza, wenye sehemu 10 fupi zisizo na neno la ziada. Msimu wa 3 una sehemu zinazokaribia au kupita saa nzima. Mdogo wangu alisinzia kwenye mbili, na sikumwamsha.