Bia za viwanda vidogo vya Uingereza: uzoefu wangu mimi mtoto wa Kibosho

Nina miaka minne hapa Manchester na bia za huku nimeshazinywa za kutosha kuweza kuongea. Naongelea zile za krafti, za viwanda vidogo vinavyojitegemea, sio zile zinazopangwa makreti kwa makreti supamaketi.

Kwanza suala la baridi, maana ndio linalowashinda wengi. Nyumbani ukiagiza bia mhudumu anakuuliza ya baridi au ya moto, sasa huku kuna ya katikati, ile ya pipa inayovutwa kwa pampu ya mkono pale kaunta. Inakaa chini kwenye stoo nyuzi 12 hivi, gesi hawaiongezei, chachu iko hai mlemle ndani na bia inamalizia kuchachuka kwenye pipa lenyewe, kwa hiyo usitegemee ikuchome koo kama Kilimanjaro iliyotoka kwenye friza.

Baba mdogo alipokuja kunitembelea nikampeleka kunywa Sonoma, inapikwa na Track hapahapa Manchester nyuma ya stesheni ya Piccadilly, kilevi 3.8% tu. Akapiga funda moja akaweka glasi chini, "mwanangu, hii mbona wameisahau nje?" Nikamwambia baba vumilia kidogo, inywe taratibu. Rangi yake ya asali nyepesi, inanukia ganda la chungwa, povu lake zito na kila ukipiga funda linaacha pete kwenye glasi hadi ukimaliza unaweza kuhesabu umekunywa mara ngapi. Alipofika nusu akasema hii ina tabia ya mbege, ile pombe yetu ya Wachagga ya ndizi na ulezi. Na kweli kabisa jamani! Mbege nayo iko hai, haina gesi ya kusukumiwa, ukiilaza sana inachacha, na uchungu wake unatoka kwenye gome la msesewe kama hizi za huku uchungu wake unavyotoka kwenye hopsi, maua ya kutilia bia uchungu na harufu. Ndio maana naamini aliyekulia karibu na kibuyu cha mbege anaielewa bia ya pipa haraka kuliko aliyezoea laga, yaani bia ya kawaida ya chupa ya baridi, peke yake. Hii kwangu ni 9 kwa 10, na ndio ningemwanzishia mgeni yeyote.

Jaipur ya Thornbridge, ya Bakewell kule Derbyshire, hiyo ina 5.9% na iko sokoni tangu 2005. Nzuri sana, chungu ya kueleweka na utamu kidogo wa asali nyuma, ila inashuka kirahisi mno, mbili zinatosha kama kesho una kazi. Steady Rolling Man ya DEYA (Cheltenham, 5.2%) ni ya ukungu, huoni upande wa pili wa glasi, laini kama juisi ya embe. Wengine wakiona ukungu wanadhani imeharibika, hapana, ndivyo ilivyotengenezwa.

Wapenzi wa nyeusi tafuteni Plum Porter ya Titanic wa Stoke-on-Trent, 4.9%. Ina plamsi, kama yale ya Lushoto, harufu inakufikia kabla glasi haijagusa mdomo. Mke wangu hanywi bia kabisa lakini hii anaomba funda. Mimi kwangu inazidi utamu kidogo, 7.

Ila stauti ya Kernel ndio imenimaliza. Wako Bermondsey, London, tangu 2009, eneo lile viwanda vingi viko chini ya matao ya reli. Lebo yao ni karatasi ya kaki tu, hakuna picha hakuna mbwembwe, na ile Export Stout wanafuata mapishi ya London ya mwaka 1890. Nzito, kahawa ya kuungua, chokoleti chungu, na ladha inabaki mdomoni muda mrefu, yaani chupa moja naimaliza kwa saa nzima. 10 kwa 10.

Kilichoniudhi ni kimoja. Kuna baa moja nililetewa bia ya pipa imeshakuwa siki, na nilipolalamika kijana wa kaunta akaniambia ndivyo zilivyo hizi. Sio kweli. Pipa likishafunguliwa linatakiwa liishe ndani ya siku kama 3, hewa ikishaingia muda mrefu inachacha. Ukikuta siki rudisha, usione aibu, baa nyingi wanakubadilishia bila maneno. Chagua baa yenye wateja wengi, pipa halipati muda wa kulala.

Na uliza mwenye kiwanda ni nani kama unajali hela yako inaenda wapi. Kiwanda cha Camden Town kilinunuliwa na kampuni kubwa ya AB InBev 2015, haohao wenye hisa nyingi TBL (Tanzania Breweries) kwetu, na kiwanda cha Beavertown chote kiko chini ya Heineken tangu 2022. Sisemi ni mbaya, ila sio viwanda vidogo tena, na mimi pauni zangu tano na kitu za painti nataka zimfikie yule anayekoroga sufuria mwenyewe.

Baba mdogo akiondoka nilimfungia chupa mbili za Kernel katikati ya masweta. Zote zilifika salama, wakazifungua Kibosho Krismasi wakagawana kwenye glasi ndogondogo, na juzi kanipigia simu anauliza lini natuma nyingine.