La Rafle (2010): Kofia Iliyofichwa Miaka Mingi Sasa Iko Kwenye Skrini

Habari zenu watazamaji wangu, karibuni. Leo tuna filamu ya Kifaransa, La Rafle, ya mwongozaji Rose Bosch. Inahusu kamatakamata ya Wayahudi wa Paris ya tarehe 16 na 17 Julai 1942, Ufaransa ikiwa imekaliwa na Wajerumani. Ni karibu saa mbili, na nawaambia mapema kabisa: itazameni. Ila nina ugomvi nayo, na nitausema.

Kwanza shikeni jambo hili, maana ndilo ninalopimia filamu yote. Mwaka 1956 Alain Resnais alitengeneza filamu fupi ya kumbukumbu kuhusu kambi za Wanazi. Ndani yake mlikuwa na picha ya kambi ya Pithiviers, kusini mwa Paris, na kwenye picha hiyo askari wa Kifaransa yuko lindoni, kepi yake kichwani. Wakaguzi wa filamu wa Ufaransa wakagoma. Ikabidi kofia ile ifunikwe ndipo filamu ipite. Kofia tu, jamani! Kwa sababu iliwaambia watazamaji kwamba mlinzi wa kambi ile hakuwa Mjerumani. Na serikali ya Ufaransa ilikaa hadi Julai 1995, Rais Jacques Chirac alipokubali hadharani kwamba dola yenyewe ilihusika na kamatakamata ile.

Basi La Rafle imejaa kofia hizo. Alfajiri, polisi wa Kifaransa wanapanda ngazi wakiwa na majina mkononi, wanagonga, wanaita watu kwa Kifaransa. Majina hayo yalitoka kwenye kadi za polisi, baada ya Wayahudi kulazimishwa kujiandikisha mwaka 1940. Na maagizo halisi waliyopewa polisi siku ile yanatia baridi mwilini: hakikisha gesi na umeme vimezimwa, mifugo ya nyumbani mwachie mtunza jengo, funguo pia. Yaani paka amepangiwa pa kukaa. Mtoto mwenye paka anapandishwa basi.

Walikamatwa watu 13,152, watoto wakiwa 4,115. Orodha ilikuwa na majina zaidi ya 27,000, kwa hiyo wengi waliponea chupuchupu, baadhi kwa sababu kuna mtu aliwatonya, hata polisi mmojammoja. Filamu haijawasahau hao. Yupo mama mtunza jengo anayepaza sauti kuwatahadharisha wapangaji, na yupo pia mwenye duka la mikate anayewatukana Wayahudi mchana kweupe. Wote wawili ni wa mtaa mmoja. Hapo mwongozaji kafanya kazi nzuri sana.

Tunaifuata familia ya Weismann, wakazi wa Montmartre. Gad Elmaleh, ambaye wengi wanamjua kwa vichekesho, hapa ni baba mwenye imani na Ufaransa, na anaicheza imani hiyo kwa utulivu unaoumiza. Mwanawe Jo ana miaka 11. Jo Weismann ni mtu wa kweli, alinusurika.

Halafu uwanja. Vélodrome d'Hiver ulikuwa uwanja wa ndani wa mbio za baiskeli, si mbali na mnara wa Eiffel. Familia zenye watoto, watu zaidi ya 8,000, zilirundikwa humo hadi siku tano, katika joto la Julai, maji hakuna, vyoo vichache vikaziba. Paa la vioo lilikuwa limepakwa rangi ya buluu iliyokolea, ndege za kivita zisione taa. Humo ndani hatuna picha ya kweli hata moja. Ile iliyochapishwa miaka mingi kwamba ndiyo, mwanahistoria Serge Klarsfeld alikuja kuonyesha kwamba ni ya washirika wa Wajerumani waliokamatwa baada ya ukombozi. Kilichobaki ni picha moja ya mabasi nje ya uwanja. Kwa hiyo filamu inapojenga upya viti, vumbi, na akina mama wanaoita majina ya watoto, inakuwa ndiyo macho yetu. Huo ni mzigo mzito, na kwenye uwanja filamu imeubeba. Zimamoto wanapoingia na kapteni wao akaamuru mipira ya maji ifunguliwe watu wanywe, mimi nilisimamisha filamu nikavuta pumzi. Lilitokea kweli, na zimamoto walitoka na barua za wafungwa mifukoni.

Sasa ugomvi wangu. Kila baada ya muda tunatolewa Paris na kupelekwa mlimani kwa Hitler na Eva Braun, anapiga kelele, anapanga. Kwa nini? Mtazamaji akishapewa shetani wa kumtazama, yule ofisa wa Paris mwenye kalamu anapumua. Na mambo hayakuwa hivyo. Suala la watoto chini ya miaka 16, Pierre Laval, mkuu wa serikali ya Vichy, yaani ya Wafaransa walioshirikiana na Wajerumani, ndiye aliyependekeza wachukuliwe pamoja na wazazi, Wajerumani wakiwa bado hawajawadai. Filamu ina Laval, ina Bousquet, mkuu wa polisi, wako mezani wanazungumza. Ningebaki kwenye meza hiyo. Dakika zote za mlimani ningezihamishia hapo.

Muziki nao umezidi. Kambini Beaune-la-Rolande, walikohamishiwa kutoka uwanjani, mama anapong'olewa kutoka kwa mwanawe kwa vitako vya bunduki, vinanda vya nini tena? Watoto wale walibaki wenyewe wiki kadhaa, wengine hawajui hata majina yao ya ukoo, kisha wakasafirishwa kwenda Auschwitz, kambi ya mauaji ya Wanazi. Hawakurudi. Mélanie Laurent, kama muuguzi Annette Monod, anabeba sehemu hii karibu peke yake, na uso wake ulitosha.

Mkishaitazama, tafuteni Monsieur Klein ya Joseph Losey, 1976. Alain Delon ni mfanyabiashara anayenunua vitu vya thamani kwa Wayahudi wanaokimbia, kwa bei ya kutupa, hadi jina lake linapochanganywa na la Myahudi. Haina machozi mengi, lakini inabana zaidi, na mwisho wake unafika uwanja uleule.

La Rafle mimi naipa saba kwa kumi. Tafuteni yenye maandishi chini, si ile ya msimulizi kuzungumza juu ya sauti, maana kelele za uwanjani lazima mzisikie. Watoto wadogo wasiitazame. Wa sekondari kaeni nao, na msiizime haraka, watakuwa na maswali.